Nyumba za bei rahisi Marekani: bei ndogo bado si faida

Katika mitaa mingi ya Cleveland, Dayton, Memphis na Detroit, nyumba ya familia moja bado inapatikana kwa chini ya dola 150,000. Huko San Jose, jimbo la California, nyumba ya kawaida inauzwa kwa zaidi ya dola milioni moja. Tofauti hiyo imezaa biashara kubwa nchini Marekani: mtu anaishi katika jimbo moja, ananunua nyumba katika jimbo lingine ambalo pengine hajawahi kulikanyaga, anaipangisha, kisha anasubiri pesa iingie kwenye akaunti yake kila mwezi.

Biashara hiyo inawagusa pia Wakongomani wanaosema Kiswahili. Katika mwaka wa hesabu wa 2023, Marekani ilipokea wakimbizi 60,014, na zaidi ya 18,000 kati yao walitoka RDC, kuliko nchi nyingine yoyote. Wengi walitoka Kivu mbili wakapitia kambi za Nyarugusu, Nakivale, Kyangwali au Kiziba. Ingawa mpango wa kuwapokea wakimbizi ulisimamishwa Januari 2025, waliokwisha kufika wamejenga maisha yao Louisville, Lexington, Dayton, Phoenix, Houston na kwingineko. Wengi ni wapangaji, na mara nyingine mwenye nyumba wao ni mtu au kampuni ya jimbo la mbali. Wengine, baada ya miaka kadhaa ya kazi za ghala, kiwanda cha nyama au hospitali, wameweka akiba na wanaanza kujiuliza kama nao hawawezi kuwa wenye nyumba.

Swali hilo lina uzito hadi Bukavu, Goma, Uvira na Beni. Pesa inayowekwa kwenye nyumba ya Ohio ni pesa ileile ambayo ingelipa masomo ya mtoto, matibabu ya mzazi au parsele nyumbani. Ikipotea huko, pengo lake linaonekana huku. Kwa hiyo inafaa kuangalia namna biashara hii inavyofanya kazi, na mahali ambapo hesabu yake huwa inaharibika.

Kwa nini bei iko chini

Bei ndogo ya nyumba ni habari, na mnunuzi anapaswa kuisoma kabla ya kuifurahia. Cleveland ilikuwa na wakaaji 914,808 mwaka 1950. Katika hesabu ya watu ya 2020 walibaki 372,624. Dayton ilikuwa na watu 262,332 mwaka 1960. Mwaka 2020 ilikuwa na 137,644. Viwanda vilifungwa au vilihama. Kiwanda cha magari cha General Motors huko Moraine, pembeni ya Dayton, kilifunga milango Desemba 2008. Mwaka uliofuata, kampuni ya NCR, iliyokuwa Dayton kwa zaidi ya miaka mia moja, ilitangaza kuhamishia makao yake makuu jimbo la Georgia. Watu walipoondoka, nyumba zilibaki.

Halafu ukaja mgogoro wa mikopo ya nyumba wa 2007 na 2008. Mtaa wa Slavic Village, Cleveland, ulijulikana Marekani nzima kwa wingi wa nyumba zilizonyang'anywa na benki. Nyingi ziliuzwa kwa bei ya kutupa, mara nyingine kwa mafungu, kwa wanunuzi wa mbali ambao hawakuwahi kuziona. Baadhi zilitengenezwa. Nyingine zilipita mkono kwa mkono hadi zikabomolewa.

Kuna pia bei nafuu ya aina nyingine. Columbus na Indianapolis ni miji ambayo idadi ya watu imekuwa ikipanda, na nyumba zake zilikuwa nafuu kwa sababu ardhi ni nyingi na ujenzi si mgumu. Miji ya aina hiyo hubadilika haraka inapoanza kutajwa: bei ya nyumba inapanda, lakini kodi ya nyumba haipandi kwa kasi hiyohiyo, na faida ya mwenye kupangisha inapungua.

Ahadi za viwanda nazo zinahitaji tahadhari. Januari 2022, kampuni ya Intel ilitangaza kwamba itajenga viwanda vikubwa karibu na Columbus, na uzalishaji ungeanza mwaka 2025. Mapema 2025 kampuni hiyo ilisogeza tarehe hadi 2030 au 2031. Aliyenunua nyumba kwa kutegemea wafanyakazi wa kiwanda hicho lazima asubiri, huku ushuru na bima vikiendelea kudaiwa kila mwaka.

Kwa hiyo swali la kwanza si "nyumba ni bei gani?" bali "ni nani atakayeishi humo kwa miaka kumi ijayo, na mshahara wake utatoka wapi?" Mji wenye hospitali kubwa, chuo kikuu, ghala za usafirishaji na ofisi za serikali una miguu mingi ya kusimamia. Mji unaotegemea kiwanda kimoja una mguu mmoja.

Hesabu ya tangazo na hesabu ya mfukoni

Wauzaji wengi hutumia kanuni inayoitwa ya asilimia moja: kodi ya mwezi mmoja iwe angalau asilimia moja ya bei ya nyumba. Kanuni hiyo inasaidia kuchuja haraka, lakini haitoshi kuamua. Mfano ufuatao unaonyesha sababu.

Tuchukue nyumba ya dola 120,000 inayopangishwa kwa dola 1,200 kwa mwezi. Inapita kanuni ya asilimia moja bila shida. Kwa mwaka ni dola 14,400, na tangazo litaandika kwa herufi kubwa: faida ya asilimia 12.

Sasa tutoe yale ambayo tangazo halikuyasema. Mpangaji akiondoka, nyumba inakaa tupu kwa muda. Tuhesabu mwezi mmoja kwa mwaka, dola 1,200. Zinabaki 13,200. Msimamizi anayekusanya kodi na kuita mafundi kwa kawaida huchukua asilimia 8 hadi 10 ya kinachokusanywa. Kwa asilimia 10 ni dola 1,320. Ushuru wa nyumba, tuseme 2,600. Bima 1,300. Matengenezo ya kawaida, yaani bomba, mlango na umeme, 1,400. Akiba ya vitu vikubwa, kama paa na mashine ya kupasha nyumba joto, 1,200. Jumla ya matumizi hayo ni dola 7,820. Kinachobaki ni dola 5,380 kwa mwaka.

Ile asilimia 12 imekuwa asilimia 4.5. Na hapo mnunuzi amelipa pesa yote taslimu, bila deni. Mwaka 2024, hati fupi za hazina ya serikali ya Marekani zilitoa zaidi ya asilimia 4 bila mpangaji, bila paa na bila kupigiwa simu usiku.

Kwa anayechukua mkopo, mambo yanabana zaidi. Nyumba ambayo mwenyewe haishi ndani yake, benki huiona kuwa hatari zaidi: mara nyingi inadai malipo ya mwanzo ya asilimia 15 hadi 25, na riba ya juu kuliko ya anayenunua nyumba ya kuishi. Tuseme mnunuzi ametoa dola 30,000 na kukopa 90,000 kwa miaka 30. Kwa riba ya asilimia 4, atalipa benki kama dola 5,156 kwa mwaka na kubakiwa na dola 224. Kwa riba ya asilimia 7.5, atalipa kama dola 7,551. Kila mwaka atatoa mfukoni zaidi ya dola 2,100 ili kuishikilia nyumba ambayo tangazo lilisema itamlisha.

Tofauti hiyo ya riba imetokea kweli. Januari 2021, wastani wa riba ya mkopo wa nyumba wa miaka 30 ulishuka hadi asilimia 2.65, kiwango cha chini kuliko vyote vilivyowahi kuandikwa. Oktoba 2023 ulifika asilimia 7.79. Video na makala nyingi zinazosifia biashara hii zilitengenezwa wakati wa riba ya kwanza. Anayezifuata leo anafuata ushauri uliokuwa sahihi kwa hesabu ya wakati mwingine.

Mfano huo unafundisha jambo lingine: paa halijui kodi ya nyumba. Paa jipya la dola 10,000 linagharimu karibu sawa kwenye nyumba inayolipwa 1,200 kwa mwezi na kwenye ile inayolipwa 3,000. Kwenye ya kwanza linameza zaidi ya miezi minane ya kodi; kwenye ya pili, chini ya miezi minne. Ndiyo maana nyumba rahisi mara nyingi hula sehemu kubwa zaidi ya mapato yake kuliko nyumba ghali. Nyingi ya nyumba hizo pia zimejengwa kabla ya vita vya pili vya dunia, na mabomba na waya zake zina umri mkubwa.

Njia nzuri ya kuhesabu ni kugeuza swali. Badala ya kuanza na bei ya muuzaji, mnunuzi aanze na kile kinachobaki. Ikiwa nyumba inabakiza dola 5,380 kwa mwaka na yeye anataka angalau asilimia 7 kwa hatari anayobeba, bei yake haizidi dola 77,000. Muuzaji akikataa, basi nyumba hiyo si yake.

Ushuru unaobadilika baada ya kununua

Kosa moja linalowapata wanunuzi wa mbali ni kusoma karatasi ya ushuru ya muuzaji na kudhani watalipa hivyohivyo. Kila jimbo lina sheria yake.

Katika jimbo la Indiana, katiba imeweka kikomo: ushuru wa nyumba anayoishi mwenyewe hauzidi asilimia 1 ya thamani yake, lakini nyumba ya kupangisha inaweza kufika asilimia 2. Kwa hiyo bibi mzee aliyekuwa akiishi ndani ya nyumba yake alilipa kiasi fulani. Anayeinunua ili aipangishe anaweza kulipa mara mbili. Katika jimbo la Michigan, tangu mageuzi ya 1994, thamani inayotozwa ushuru imezuiwa kupanda haraka maadamu mwenye nyumba ni yuleyule. Nyumba ikiuzwa, kizuizi kinaondoka na mwaka unaofuata ushuru unaweza kuruka. Asiyeishi humo hulipa pia ushuru wa shule ambao mwenye kuishi ndani ameondolewa.

Ohio nayo hupima upya thamani za nyumba kila baada ya miaka michache. Upimaji wa 2024 katika kaunti ya Cuyahoga, ambamo mna Cleveland, ulipandisha thamani kwa wastani wa takriban asilimia 32. Si lazima ushuru upande kwa kiasi hicho, lakini mitaa iliyokuwa rahisi kabisa ndiyo mara nyingi inaonja upandaji mkubwa kwa asilimia.

Kuna pia ushuru wa mapato. Anayeishi Arizona na kupangisha nyumba Ohio anajaza fomu katika majimbo yote mawili, pamoja na fomu ya serikali kuu. Kwa upande mwingine, sheria ya serikali kuu inamruhusu mwenye nyumba ya kupangisha kuhesabu uchakavu wa jengo kwa miaka 27 na nusu, na hivyo kupunguza mapato yanayotozwa ushuru. Msaada huo ni wa kweli, lakini hautengenezi faida mahali ambapo haipo, na nyumba ikiuzwa baadaye serikali hudai sehemu yake.

Macho ya mtu mwingine

Mtu aliyewahi kuachia ndugu pesa ajenge nyumba huku mwenyewe yuko mbali anajua shida hii vizuri. Picha zinafika kwenye simu, saruji imenunuliwa, fundi amelipwa. Siku mwenye pesa anapofika, ukuta haufiki madirishani. Marekani kuna mikataba, risiti na mahakama, lakini shida ya msingi ni ileile: mwenye mali anategemea macho ya mtu mwingine.

Msimamizi huyo hulipwa kwa asilimia, na mara nyingi ana nyongeza nyingine: ada ya kutafuta mpangaji mpya, ambayo inaweza kufika nusu au mwezi mzima wa kodi, ada ya kuongeza mkataba, na asilimia juu ya kazi ya fundi. Kwa mkataba wa aina hiyo, wapangaji wanaobadilika kila mwaka wanamletea msimamizi mapato na wanamletea mwenye nyumba hasara. Kabla ya kununua, inafaa kuzungumza na wasimamizi wawili au watatu wasiohusiana na muuzaji, kuwatajia anwani na kuwauliza kama wangekubali kusimamia nyumba hiyo. Msimamizi akisema mtaa huo hafanyi kazi, ametoa bure habari yenye thamani kubwa.

Miji yenyewe imeanza kuchoka na wenye nyumba wasioonekana. Cleveland ilipitisha mwaka 2019 sheria inayotaka nyumba za kupangisha zilizojengwa kabla ya 1978 ziwe na cheti cha kuthibitisha kwamba watoto hawako hatarini kwa rangi yenye madini ya risasi. Mwaka 1978 ndio Marekani ilipopiga marufuku rangi hiyo majumbani, na vumbi lake huharibu ubongo wa mtoto mdogo. Februari 2024 mji huohuo uliongeza sheria nyingine: mwenye nyumba wa mbali lazima ataje mtu wa karibu anayewajibika kisheria kwa nyumba hiyo. Anayenunua bila kujua sheria hizi ananunua pia faini.

Bima nayo ina mtego. Mikataba mingi ya kawaida hupunguza au kuondoa ulinzi nyumba ikikaa tupu kwa siku 30 au 60. Katika majira ya baridi ya Ohio au Michigan, maji yanaganda ndani ya mabomba ya nyumba isiyopashwa joto na kuyapasua. Mwenye nyumba aliyeko Texas anaweza kugundua mwezi wa tatu kwamba sakafu imeoza tangu mwezi wa kwanza, na kwamba bima hailipi.

Wanaouza ndoto

Pamoja na wauzaji waaminifu, kuna wanaouza nyumba "tayari": imekarabatiwa, ina mpangaji, ina msimamizi, kazi ya mnunuzi ni kutuma pesa tu. Nyingine ni kama zilivyoelezwa. Nyingine zimepakwa rangi juu ya ukuta uliooza, na mpangaji aliyewekwa humo hajalipa tangu mwezi wa pili. Kwa hiyo mnunuzi anadai kuona malipo ya kodi ya miezi 12 kwenye karatasi za benki, siyo kwenye jedwali lililoandikwa na muuzaji. Pia anamlipa fundi mkaguzi wake mwenyewe, ambaye hakuletwa na muuzaji, akague msingi, paa, umeme na bomba la maji machafu hadi barabarani.

Hatari kubwa zaidi ni pale nyumba inapogeuka kuwa hadithi ya kukusanyia pesa. Agosti 2018, tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa, SEC, ilifungua mashtaka dhidi ya kampuni ya EquityBuild. Kwa mujibu wa tume hiyo, kampuni ilikusanya angalau dola milioni 135 kutoka kwa watu zaidi ya 900, kwa ahadi ya faida ya tarakimu mbili iliyolindwa na majengo ya kusini mwa Chicago. Tume ilisema majengo hayakuwa yakizalisha faida hiyo, na waliotangulia walilipwa kwa pesa za waliofuata.

Kisa hicho kinawahusu wote wanaofikiria kugeuza likelemba au mfuko wa jumuiya kuwa kampuni ya nyumba. Kuchangia kwa zamu kati ya watu wanaojuana ni jambo moja. Kukusanya pesa za wengi kwa ahadi kwamba mmoja atazisimamia na kuwapa faida ni jambo lingine, na sheria za hisa za Marekani zinalisimamia. Bila mwanasheria, hata mtu mwenye nia njema anaweza kujikuta mahakamani mbele ya ndugu zake.

Wizi mwingine unatokea siku ya kulipa. Matapeli huingia katika barua pepe, wanatuma nambari mpya ya akaunti ikionekana imetoka kwa kampuni inayokagua hati, na pesa yote inakwenda kwao. Nambari ya akaunti inathibitishwa kwa simu, kwa kupiga namba iliyopatikana mapema, siyo ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo.

Mpangaji ndiye anayelipa kosa

Mwenye nyumba aliyekosea hesabu ana njia chache za kujinusuru, na ya kwanza ni kuacha kutengeneza. Mashine ya joto inasubiri, panya wanasubiri, choo kinasubiri. Familia inayoishi humo, pengine isiyojua Kiingereza vizuri na inayoogopa kufukuzwa, ndiyo inayolala na baridi.

Cincinnati ilionyesha ukubwa wa tatizo hili. Mwishoni mwa 2021, mamlaka ya umma ya maendeleo ya mji huo, inayoitwa Port, ilishinda kampuni za uwekezaji na kununua nyumba 194 kwa dola milioni 14.5, ili wapangaji waweze kuzinunua badala ya nyumba hizo kupita tena kwa mwekezaji mwingine. Ilipoziingia, iligundua kwamba nyingi zinahitaji matengenezo makubwa.

Mpangaji pia ana nguvu ambazo mara nyingi hazijui. Katika kaunti nyingi za Marekani, jina la mwenye nyumba, bei aliyonunulia na ushuru anaodaiwa vinasomwa bure kwenye tovuti ya kaunti. Katika Ohio, mpangaji asiye na deni la kodi ambaye ameandika barua ya kudai matengenezo anaweza, iwapo siku 30 zinapita bila jibu la haki, kuipeleka kodi mahakamani badala ya kumlipa mwenye nyumba. Sheria ina vizuizi kwa wenye nyumba wadogo. Lakini kuacha tu kulipa ni hatari: katika jimbo hilohilo, taarifa ya siku tatu inatosha kwa mwenye nyumba kuanza kesi ya kumtoa.

Sheria hizo zinamhusu pia Mkongomani anayetaka kununua. Akinunua kwa hesabu mbaya, atakayeumia anaweza kuwa jirani yake wa zamani wa kambini.

Kuanza karibu

Kwa wengi, jibu la kwanza huenda halipo katika jimbo la mbali. Familia inayoishi Dayton, Louisville au Cleveland tayari iko katika mji ambao watu wa California wanautafuta kwenye ramani. Inajua mtaa gani una kelele usiku, basi linapita wapi, kiwanda gani kinaajiri, fundi gani wa Kikongomani anafanya kazi safi. Ujuzi huo mwekezaji wa mbali anaulipia, na mara nyingi haupati.

Mikopo inayodhaminiwa na shirika la serikali FHA inaruhusu kununua nyumba yenye makazi mawili hadi manne kwa malipo ya mwanzo ya asilimia 3.5, kwa sharti kwamba mnunuzi mwenye alama nzuri za mkopo aishi katika mojawapo kwa angalau mwaka mmoja. Kwa nyumba ya makazi mawili ya dola 160,000, hiyo ni dola 5,600 pamoja na gharama za kufunga mkataba. Familia inaishi upande mmoja, inapangisha upande mwingine, na bomba likipasuka inasikia yenyewe. Tangu Mei 2025, mikopo hiyo imebaki kwa raia na wenye ukaaji wa kudumu, kwa hiyo karatasi za uhamiaji zinatangulia kutafuta nyumba.

Anayeona bado kwamba jimbo la mbali lina faida kwake anahitaji vitu vinne kabla ya kutia saini: makadirio ya ushuru atakaolipa yeye, siyo muuzaji, mkataba wa msimamizi uliosomwa wote, ada zote zikiwemo, ripoti ya mkaguzi wake, na akiba ya angalau miezi sita ya gharama za nyumba, iliyowekwa pembeni na isiyoguswa. Na tiketi ya ndege. Dola mia chache za kwenda kusimama mbele ya nyumba hiyo, mchana na usiku, ni kidogo ukizilinganisha na akiba ya miaka mitano ya kazi ya usiku ghalani.

Kisha afanye hesabu tena, kwa kodi iliyopungua kidogo na matengenezo yaliyoongezeka kidogo. Nyumba ikibakiza kitu hata hapo, bei yake inaeleweka. Isipobakiza, mwenye nyumba atakuwa akiilipia kila mwezi kwa pesa iliyokuwa na kazi nyingine, huko au nyumbani.